Vifaranga wa Persis

"Vifaranga!" Lavender alipiga meza kofi. "Aki mama, nimekupa mashine ya kupima maziwa, wewe ukaniandikia vifaranga!"

"Niliandika kwa katoni, mwanangu," akajibu Persis, mfungaji mizigo. "Wewe sikukuandika popote."

"Na matundu je? Nani alitoboa matundu?"

"Ulitaka vifaranga wakose hewa?"

Janat, mwenye duka la kufunga na kusafirisha mizigo mjini Kisii, alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio ili Lavender, mteja wao, asimwone akicheka. Halafu akakumbuka kwamba leo si siku ya kucheka. Walikuwa watatu ndani ya hema huko Nyamira, saa tatu na robo asubuhi, na saa nne wafugaji wangeingia kuonyeshwa mashine. Katoni tano za vikombe vya kioo, vya kuwagawia wageni, zilikuwa zimefika tangu jana. Ya sita, ile yenye mashine yenyewe, haikuonekana. Kampuni iliyomwajiri Lavender ilikuwa na maonyesho mengine manane mwaka huu, na Janat alishamwambia Persis njiani, bila kumtazama: "Hiyo ikipotea, mwenzangu, sitakuwa na maneno ya kukutetea. Watataka uondoke."

Persis akakaza fundo la leso kiunoni. "Kabla ya kunifokea, fungua hizo tano. Ukipata ufa mmoja, nitakula hicho kikombe na mkono wake."

Lavender akafungua. Kila kikombe kilikuwa kimeviringishwa kwa majani makavu ya mgomba, kimelala kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akatoa kimoja, akagonga kwa ukucha. Ting! Akatoa kingine. Ting! Alipofika cha ishirini akachoka kutafuta kosa.

"Watu siku hizi wanatumia plastiki yenye mapovu," akanung'unika.

"Ile ya kupasuapasua? Nilituma mzigo nayo mara moja. Wapakizi waliiona wakaanza, tak, tak, tak, hadi Keroka. Ilifika imelegea kama soksi."

Huyu Persis alizaliwa Kiogoro, akasoma hadi darasa la tatu, akaacha kwa sababu ng'ombe wa kwao alikuwa anamfuata shuleni na mwalimu akasema atamwandika kwa rejista. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Alipoolewa upande wa Tabaka, kwa wachonga mawe, alipewa kazi ya kufunga vinyago kwa majani ya mgomba. Aliwahi kufunga twiga wa jiwe mwenye shingo nyembamba kama njiti ya kiberiti. Lori likabingirika mteremkoni mara nne. Dereva akatoka na mkono uliovunjika, konda akatoka bila jino la mbele, twiga akatoka ameinua shingo kama anayeuliza, tumefika? Asiyeamini amtafute yule konda. Jino bado hana.

Janat alisikia habari za huyo twiga, akamwendea na kumwajiri.

Mwanzoni Persis alibandika kama walivyoagizwa: karatasi nyekundu yenye picha ya glasi na maneno ya Kizungu. Vitu vikawa vinavunjika. Siku moja akaenda kukaa kwenye ofisi ya kutuma vifurushi, mkoba mapajani kama abiria, akachungulia. Mpakizi akainua katoni yake, akaona ile glasi, akaitikisa sikioni. "Hii ni soda," akasema, akairusha. Nyuma yake akaja mama mwenye katoni ya vifaranga, matundu kila upande. Mpakizi yuleyule, aliyekuwa ametukana watu tangu asubuhi, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka karibu na dereva, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Hawasikii baridi, hawa?"

Persis alirudi dukani kwa Janat, akapewa kalamu nene nyeusi na msumari wa kutobolea. Miaka miwili sasa, hakijavunjika kitu.

"Lakini wewe ni shemasi!" Lavender akasema. "Kanisa zima la Nyanchwa linakujua. Unaandikaje uongo?"

"Hilo niliombea Sabato nzima. Mungu akanyamaza. Na mimi kwetu, mtu akinyamaza, amekubali."

Simu ya Janat ikalia. Ilikuwa ofisi ya vifurushi ya hapo Nyamira. Akaweka sauti ya nje wote wasikie.

"Mama, hao vifaranga hatungewaacha stoo," mtu akasema. "Stoo iko na paka. Mlinzi alienda nao kwake."

"Kwake wapi?"

"Huko ndani ndani. Simu yake imezima. Lakini msijali, huyo Ogoti anapenda kuku sana. Lazima amewapa maji."

Lavender akakalia katoni. "Maji," akasema. "Anaimwagia maji kwa yale matundu. Na bado ina betri, ikiisha chaji inalia pi pi pi, atafikiri wana kiu, ataongeza!"

Hapo Persis aliinama. Akaokota jani moja la mgomba chini, akalinyoosha juu ya goti, akalikunja tena. Hakuwa anaona maonyesho manane. Aliona meza yake ya kufungia, na mtu mwingine ameketi hapo na plastiki yake.

"Mwanangu Lavender," akasema polepole, "mkubwa wako akija, mwambie ni mimi. Janat hakujua habari za vifaranga."

"Nilijua," Janat akasema. "Ile kalamu ni mimi nilinunua."

"Wewe nyamaza, nakuokoa!"

"Siokolewi kwa uongo wa shemasi."

Lavender akawatazama, mmoja kisha mwingine. Kona ya mdomo ikaanza kumsaliti. "Nyinyi wawili," akasema, "wallahi mimi nita..."

Pazia la hema likasogezwa. Akaingia mzee wa sare ya ulinzi, anatembea kwa ncha za vidole, kifua kimefura. Ndani ya koti lake katoni ilikuwa imefungwa kwa blanketi ya mtoto, kavu kabisa. Kutoka ndani ikasikika, pi... pi... pi.

"Shhh," akasema Ogoti. "Sasa ndio wanaanza kulala."