Kengele ya Adhuhuri

Ilikuwa kengele ya shaba, ya mkononi. Kila adhuhuri mpishi aliipiga akipita koridoni ili wazee wajue chakula kiko tayari. Sijapata kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile kengele. Ikilia tu, Bibi wa chumba cha mwisho anainuka kitini na kutoka mbio. Sisemi kutembea haraka, jamani, nasema mbio! Mikono kaikunja, kidevu mbele, na umri wake umepita miaka tisini. Hatua chache tu, halafu puu, yuko chini.

Hiyo ilikuwa Toronto, upande wa Don Mills, miaka ya tisini. Mimi nilikuwa mgeni kutoka Tanga, nimepata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba yao. Bibi alikuwa Mwingereza. Nilimwita Bibi kwa sababu ulimi wangu ulikataa kabisa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake, naye akazoea, akapenda.

Ukutani kwake kulikuwa na picha ya msichana mwembamba, kaptura pana, kifua kinakata utepe. Nikimwosha miguu asubuhi alinisimulia, kwa vipande, akisahau na kurudia. Alikuwa bingwa wa Uingereza wa mbio za nusu maili, zama ambazo msichana akikimbia watu wanasema amerukwa na akili. "Mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho ilie, jifiche nyuma yao," aliniambia. "Ikilia, usibakize kitu." Kisha wakubwa wa riadha, wote wanaume, wakakaa wakaamua kwamba mbio za namna ile zinaharibu mwili wa mwanamke. Wakazifuta. Yeye alikuwa bado na pumzi zake zote. Akaolewa, akahamia Canada, akazaa, akapika.

"Hakuna aliyenishinda," alisema. "Walinishika tu."

Basi nikaelewa, nikaenda kwa nesi mkuu kumwambia tatizo ni kengele. Akanijibu kwamba wazee wengine wanaitegemea, na kwamba Bibi ameshavunjika kifundo cha mkono. Akianguka tena atafungwa mkanda kwenye kiti. Mwanawe ameshakubali. Nilitoka pale na hasira. Wenzake waliofungwa nilikuwa nawaona kila siku, walivyoinamisha vichwa, hata kuuliza leo ni siku gani wameacha. Nikasema huyu hapana, wallahi, huyu hawamfungi.

Ikabaki njia moja, nikimbie naye. Kabla ya kengele nakuwa nimeshasimama pembeni yake, mkono wangu kiunoni mwake, na ikilia twende, mimi na raba zangu na yeye na soksi zake za sufu, hadi ukumbi wa chakula.

"Nani yuko mbele?" ananiuliza, anahema.

"Hakuna, Bibi. Ni wewe tu."

Anainua mkono wake mzima juu, halafu anakaa kunywa supu. Wenzangu wa Tanga waliposikia walinicheka mpaka wakashika mbavu. "Yaani umevuka bahari yote ile uje kushindana na kikongwe wa Kizungu?" Nikawaambia ndiyo, na ananishinda. Wiki kwa wiki hakuanguka.

Asubuhi moja theluji ikafunga barabara. Basi likakwama, dereva anasema tusubiri. Tusubiri nini! Nikashuka. Nilikimbia na buti za kuazima, theluji inanifika magotini, nalia kwa sauti kama mtoto, namwomba Mungu mpishi achelewe, sufuria imwagike, lolote lile. Watu walinitazama kutoka kwenye magari yao. Nilijua hakuna mwingine atakayekumbuka kusimama pembeni yake. Wafanyakazi walikuwa wachache na kila mmoja ana wazee wake.

Nilifika kengele haijalia. Alhamdulillahi, nikasema, nikapita korido nzima na theluji yangu mpaka chumba cha mwisho.

Bibi alikuwa kitini. Tumboni kwake kulikuwa na mkanda mpana wa turubai, umefungwa nyuma ya kiti asipoweza kuufikia. Alikuwa ameanguka alfajiri, akienda msalani. Hata kengele haikuhusika, jamani. Choo tu!

Nilimsihi nesi mkuu. Nilipiga magoti, sioni haya kusema. Akaniambia bila hata kupandisha sauti kwamba nikiufungua mkanda ule nichukue koti langu na nisirudi. Nyumbani nilikuwa na mtoto anayekula kwa mshahara ule. Nikarudi chumbani nikasimama nyuma ya kiti, mikono inaning'inia.

Ndipo kengele ikalia.

Miguu yake ikaanza. Soksi zinakwaruza sakafu, kifua kinausukuma mkanda, kiti kinainuka miguu ya nyuma, kinataka kupinduka naye. Nikakidaka kwa mikono miwili.

"Nani amenishika?" alipiga kelele. Shingo yake haikuweza kugeuka kunitazama. "Kengele imelia! Nani amenishika?"

Nikakikaza kiti kwa nguvu zangu zote kisianguke.