Sharti la Mia Mbili na Kumi na Nne

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tulimwita Bi Lazima, na aliyelianzisha ni mimi, kwa mdomo wangu huu usiojua kutulia. Alikuwa mwandishi wa masharti. Kwa asiyejua, kazi yenyewe ni hivi: kabla hamjakata bati wala kuunganisha waya wa setilaiti, mnaandika kwanza kila kitu ambacho hiyo setilaiti inatakiwa kufanya na kuvumilia. Sharti moja, sentensi moja, neno "lazima" ndani yake, na namba inayoweza kupimwa. Sisi mafundi na mainjinia tulikuwa nayo kichwani, yeye akitukamua mpaka yatoke. Tulikuwa watu kumi na wanane kwenye jengo lililokuwa zamani ghala la karatasi, tukitengeneza setilaiti ya ukubwa wa friji ndogo, ya kupiga picha za mito inapofurika. Na asikudanganye mtu, bila yule mama tungetengeneza kopo.

Alianza kama mpiga chapa katika ofisi ya maji. Kilichompandisha ni maswali. Injinia akimletea karatasi imeandikwa "setilaiti iwe nyepesi", anairudisha hapo hapo. "Nyepesi kama nini, baba? Kama wewe ulipooa, au kama ulivyo sasa?" Watu wanacheka, injinia anakwenda kutafuta kilo. Juu ya meza yake alikuwa amebandika maneno aliyoyapiga marufuku: vizuri, haraka, ya kutosha, kadiri itakavyowezekana. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishiwa karatasi mara tatu kwa siku moja. Ya tatu alitoka pale anajifuta jasho.

Nyumbani hivyo hivyo. Binti yake alipomleta mchumba, yule kijana akasema atamtunza vizuri, mama akavua miwani. "Vizuri ndiyo nini?" Hayo alinisimulia mwenyewe huku anafuta machozi ya kicheko, na mimi sikumwona akicheka sana baada ya hapo, kwa sababu mwaka ule ule mumewe, dereva mstaafu, alipooza upande mmoja. Wakawa wawili katika nyumba ya shirika iliyo nyuma ya karakana. Asubuhi anamwogesha, anamvalisha, anamweka dirishani, anakuja kazini. Saa saba anakimbia kumlisha. Nyumba ile ilikuwa ya kazi yake. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, na yule mzee anaondoka nayo.

Alikuwa na sheria moja iliyotuchosha kuliko zote. Kila sharti lilikuwa na nafasi ya mwenyewe, yaani yule aliyeitoa ile namba, na mwenyewe alitakiwa kusaini kwa mkono wake. Hakutaka idara wala timu. "Timu haina mkono," alikuwa akisema. "Nataka mtu ninayeweza kumgongea mlango."

Mimi ni fundi wa betri. Sharti la mia mbili na kumi na nne lilikuwa langu. Lilisema lazima hita ya betri iwake kabla joto la betri halijashuka chini ya nyuzi fulani, kwa sababu huko juu kila setilaiti ikiingia gizani ni barafu tupu. Ile "nyuzi fulani" ndiyo namba aliyokuwa akinidai wiki nzima. Jumamosi mchana akanikuta kwenye ngazi. Nilikuwa nimeshavua ovaroli, nawahi mpira.

"Mdogo wangu, ya mia mbili na kumi na nne. Kitabu cha masharti kinatoka Jumatatu saa mbili."

"Kumi chini ya sifuri, dada. Weka hiyo."

"Umeitoa wapi?"

"Ile setilaiti ya kwanza si ilikuwa hivyo hivyo?"

"Betri ni ile ile?"

"Betri ni betri, dada! Weka, Jumatatu asubuhi nakuja nasaini."

Betri haikuwa ile ile. Ilitoka kwa mtengenezaji mwingine, na karatasi yake ilikuwa kwenye droo yangu, ndani ya bahasha ambayo sikuifungua. Nilikuwa najua imebadilishwa. Nilidhani tu kwamba hazipishani, basi. Jumatatu nikafika saa nne. Alikuwa amenipigia mara tatu, simu yangu haina chaji. Kitabu kisingetoka na nafasi tupu, kwa hiyo aliandika jina lake, akasaini, kikatoka.

"Nimekuwekea mgongo wangu pale," akaniambia. "Leo uje tubadilishe."

"Sawa, dada."

Sikwenda. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa mvivu. Alinikumbusha mara nne, mara ya mwisho kwa ukali, mbele ya watu, nami nikamjibu kwa mzaha wakacheka. Halafu mumewe akaanguka bafuni, yeye akachukua likizo, na sharti likabaki na jina lake.

Setilaiti ilipita vipimo vyote. Tuliiweka kwenye chumba cha baridi, ikafika kumi chini ya sifuri, hita ikawaka pale pale, tukapiga makofi. Kipimo kinauliza kile tu kilichoandikwa. Ile betri mpya haikutakiwa kuchajiwa ikiwa imeshuka chini ya sifuri hata kidogo. Kila ilipochajiwa kwenye baridi ilikuwa inakufa kwa ndani, kidogo kidogo, mara kumi na tano kwa siku, kila ilipotoka gizani. Wiki ya saba baada ya kurushwa ilinyamaza. Siku hiyo ndiyo nilifungua bahasha. Namba ilikuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa nne.

Kamati ikaja, watu watatu kutoka wizarani, wakakaa chumba cha mikutano na sisi sote tukaitwa. Mwenyekiti wao alikuwa na kitabu cha masharti amekifungua pale pale penye sharti langu.

"Namba hii nani alikupa?"

"Jina lililoandikwa hapo ni langu," akasema Bi Lazima.

"Hilo tunaliona, mama. Tunauliza nani alikupa."

Bi Lazima mikono ameiweka juu ya meza, hakunitazama, hata kunitupia jicho. Mwenyekiti akatuzungukia sisi.

"Kuna mtu humu ndani mwenye la kuongeza?"

Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Nina mke, nina watoto watatu, na mimi pia nyumba ni ya shirika. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Alifukuzwa Ijumaa. Akapewa siku thelathini za kuhama nyumba. Walihamia vyumba viwili mtaa wa nyuma ya soko, ghorofa ya pili, na yule mzee akapandishwa ngazi kwenye kiti na vijana wa jirani, analia kama mtoto. Nasikia hakuwahi kushuka tena. Kazini wakaanza kusema yule mama naye alijifanya anajua sana, kutusumbua wote na masharti yake, kumbe namba yake mwenyewe aliiokota njiani. Walisema mbele yangu. Na mimi, shenzi mkubwa, nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Miezi mitano nilikaa na kitu hicho. Nikaenda kwake, na mfuko wa machungwa. Alinifungulia, akanikaribisha kiti, akaendelea kumlisha mumewe uji kwa kijiko. Alikuwa amekonda mpaka miwani inateleza.

"Dada, kwa nini hukunitaja?"

"Hukusaini."

"Nilidhani umenihurumia."

Akaweka kijiko chini. "Nikuhurumie? Nimekuchukia wewe mpaka nikakosa usingizi. Lakini siandiki jina la mtu mahali ambapo hakuweka mkono wake. Miaka ishirini na sita nimewakatalia watu hilo. Ningesema ni wewe, ungekataa, na pale ingekuwa neno langu na lako."

"Sasa nifanye nini?"

"Kasaini."

"Dada..."

"Kasaini. Nenda uwaambie namba ilitoka kwako. Huyu mzee kila siku ananiuliza nilikosea wapi, mimi nimeshindwa kumjibu. Nataka ajue sikuokota namba. Na nyumba, labda wataturudishia, labda hawatarudisha. Lakini nenda."

Nikasema nitakwenda Jumatatu. Wallahi nilikuwa namaanisha. Jumatatu kulikuwa na kikao, Jumatatu nyingine mtoto aliumwa, nyingine mkurugenzi alisafiri. Zilipita Jumatatu kumi na moja. Ya kumi na mbili binti yake akanipigia simu. Mama alikuwa anamnyanyua baba kutoka kwenye beseni, moyo ukasimama, akaanguka pale pale, na mzee akakaa ndani ya maji yaliyopoa kwa muda wa saa nne nzima akiwa anaita majirani kwa nusu ya mdomo.

Tulimzika Jumanne. Jumatano asubuhi niliandika karatasi: namba ya sharti la mia mbili na kumi na nne niliitoa mimi, kwa kukisia, bila kusoma karatasi ya mtengenezaji. Nikaweka jina na saini, nikampelekea mkurugenzi. Aliisoma mara mbili. Akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Alikuwa anajua yeye."

"Pole. Alikuwa mtu wa kazi yule." Akaikunja karatasi mara mbili. "Sikiliza. Kamati ilishafunga faili. Kwa setilaiti ijayo betri tumebadilisha, sharti tumeliandika upya. Hii ikitoka, wanarudi hapa kutuvaa wewe na mimi, na yeye hafufuki. Una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Basi."

Akaitia kwenye droo, akageuza ufunguo. Nilitakiwa kumwambia kwamba mumewe yuko hai. Kwamba yuko ghorofa ya pili nyuma ya soko, na mpaka leo anaamini mkewe ndiye aliyeiua ile setilaiti. Nilitakiwa kusema nipe karatasi yangu. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwake, ananingoja.

"Ahsante, mkubwa," nikasema, na nilishukuru kweli, kutoka moyoni.