Amri Inayosema Rudi

Siku yangu ya kwanza masjala, yaani chumba cha majalada ya mahakama, Hakimu Mfawidhi wa wilaya pale Tukuyu aliniuliza swali moja tu: "Binti, amri na hukumu zina tofauti gani?" Nikajibu kwa mbwembwe kwamba hukumu hukatiwa rufaa, amri haikatiwi. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Kaa dirishani," akasema, "wananchi watakufundisha."

Serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusu biashara huria. Mwenye kipande cha ardhi barabarani alijiona tajiri, na mashauri ya viwanja yakatumiminikia kama mvua ya kwetu Rungwe. Nilipenda kazi ile kwa umbea wangu tu. Kila jalada nilitaka kujua limeishaje.

Akaja mzee mmoja wa Kyimo, amefura. Mjane wa kaka yake, Mama Tumaini, alikuwa amemshtaki mahakama ya mwanzo asiliuze shamba la migomba lililowalisha watoto wake. Mnunuzi, mfanyabiashara wa Ibighi, alitaka kujenga ghala pale. Hakimu wa huko akatoa zuio: asiuze wala asijenge mtu mpaka shauri lisikilizwe. Shemeji mtu akataka rufaa.

"Mzee, amri hiyo imekwambia urudi mahakamani?" Mfawidhi akamuuliza.

"Imesema nirudi, shauri linaendelea."

"Basi rudi. Hapa hatupokei rufaa ya njiani."

Akaondoka ananung'unika, na Kyimo nzima ikajua kwamba amri haikatiwi rufaa.

Haukupita muda, shauri la Mama Tumaini likatupwa kabla hata shahidi mmoja hajasikilizwa. Mke si mtu wa ukoo, ikasemwa, hana haki ya kudai shamba. Zuio likafa papo hapo, na shemeji akaanza kumtembeza mnunuzi shambani. Nayo karatasi ya uamuzi ule iliandikwa juu: Amri.

Mama wa watu akaja dirishani, kanga imelowa chapachapa.

"Mwanangu, wanasema amri haikatiwi rufaa."

"Ndivyo ilivyo, mama. Pole."

"Mbona ile ya shemeji ilimwambia arudi? Hii yangu inaniambia nisirudi kabisa. Sasa haki yangu nikaidai wapi?"

Loo! Nilimhurumia, lakini zaidi nilitaka kujua. Nikakimbilia kwa Mfawidhi, naye akasukuma kikombe chake cha chai pembeni.

"Ehe, umefundishwa! Usitazame jina la karatasi, binti, tazama imeacha nini. Ikiacha shauri linaendelea, mtu angoje hukumu. Ikifunga mlango, hiyo inakatiwa rufaa. Mpokelee upesi, muda wake usije ukapita."

Rufaa ikashinda, shauri likarudishwa kwa hakimu mwingine, zuio likawekwa upya. Safari hii mashahidi walisikilizwa, na shamba likabaki kwa Mama Tumaini. Siku hiyo nililia masjala, sioni aibu kusema.

Sasa nimestaafu. Vijana bado wananiletea karatasi zao: "Bibi, hii inakatiwa rufaa?" Nami nawauliza kwanza kama imewaambia warudi.

Kyimo maduka yamejipanga barabarani, na katikati yake migomba ile imesimama. Nikipita, Mama Tumaini hunitwika mkungu, akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu. Rudi." Amri hiyo sijawahi kuikatia rufaa.