Klipu Ndani ya Tumbo la Injini

Mwaka wangu wa pili Durban nilikuwa nalinda magari ya watu South Beach, nimevaa fulana ya rangi ya chungwa, mimi ambaye Bukavu nilikuwa na gereji yangu mwenyewe. Siku moja mama mmoja Mkenya, muuguzi, gari lake likakataa kuwaka. Nikamwomba afungue boneti, nikasugua vichwa vya betri, likawaka. Akaniuliza kama najua na injini za pikipiki za zamani.

Ndivyo nilivyofika kwao Umbilo, mtaa wa mlimani juu ya bandari. Mume wake alikuwa mhadhiri wa uhandisi, na kisukari kilikuwa kimemla macho. Aliifungua injini ya pikipiki ya Kiingereza, ya silinda moja, ya rika lake karibu, na kabla hajaifunga giza likamkuta. Vipande vyote vilikuwa gerejini ndani ya makopo ya maziwa ya unga. Alivijua kwa vidole.

"Hiki nini?" aliniuliza siku ya kwanza, akiniwekea kipande mkononi.

"Segment, mzee. Ile ya kufuta mafuta."

"Kwetu ni ringi." Akakichukua, akakirudisha koponi. "Haya. Uwe unakuja Jumapili, ukitoka kanisani."

Kila nati niliyokaza aliipapasa baada yangu. Isipompendeza, nilifungua upya. Sikuchukia. Wiki nzima niliitwa kwa mluzi. Jumapili niliitwa fundi.

Ikafika siku ya kufunga pistoni. Pini ya pistoni inazuiwa na klipu mbili, vipete vya waya vyembamba kama ukucha, na kabla ya kuzitia unaziba mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa, zisije zikadumbukia. Mzee alikuwa amewaalika wenzake wa chuo waje Jumapili inayofuata kuisikia ikinguruma, nami nilikuwa na haraka.

"Umeziba kitambaa?" akauliza.

"Nimeziba, mzee."

Sikuwa nimeziba. Kitambaa kilikuwa mezani, hatua mbili tu. Klipu ya pili ikaponyoka kwenye koleo. Nilisikia mlio mdogo, chuma kwa chuma, na papo hapo tumbili wakapita mbio juu ya bati.

"Nini kimeanguka?"

"Hapana kitu. Iko tumbili tu, mzee."

Nikatazama sakafuni, sikuiona. Kwenye kopo kulikuwa na klipu nyingine. Nikaitia hiyo, nikateremsha silinda, nikafunga na vilivyobaki, nikakaza. Mzee akapapasa nati zote, akasema, "Safi." Nilinawa mikono haraka, nikaondoka bila kunywa chai.

Wiki ile sikulala vizuri. Huenda ilikuwa sakafuni. Lakini kama ilikuwa tumboni, teke la kwanza la kuwasha lingeisaga kwenye kranki, na kazi ya miezi mitatu ingepasuka chini ya mguu wa mtu asiyeona. Nikisema, narudi kwenye fulana ya chungwa siku zote saba.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilipanda mlima ule karibu nikimbie. Nikamkuta gerejini, shati limepigwa pasi, mguu wake unatafuta kiki ya kuwashia.

"Mzee, usipige!" Nikamshika mkono. "Klipu ilianguka. Iko ndani, nafikiri. Sikuziba kitambaa."

"Ulisema umeziba."

"Nilikudanganya. Unisamehe, baba."

Uso wake ulibadilika rangi. "Nikikuuliza wewe, nauliza macho yangu. Sasa mimi nina macho gani? Toka."

Nikatoka. Nilisimama nje ya geti, nikitazama kreni za bandari kule chini, sijui niende au nibaki. Baada ya muda mrefu mkewe akaja. "Rudi ndani. Bado ana hasira, lakini anakuita."

"Fungua," mzee akasema tu.

Nikafungua. Nikatumbukiza sumaku iliyofungwa kwenye waya: hakuna. Mara ya pili, ya tatu, hakuna. Jasho liliniingia machoni. Mzee akavua saa, akanisukuma kando, akaingiza vidole viwili, taratibu, akifuata ukuta wa tumbo. Vidole vikasimama.

"Iko hapa."

Ilikuwa imebanwa kati ya kranki na ukuta. Akaitoa, akaniwekea kiganjani. Wageni walipofika aliwaambia pikipiki haijawa tayari. Walikunywa chai, wakaenda. Hakuwaeleza sababu, nami niliinamisha kichwa.

Jumapili iliyofuata iliwaka kwa teke la sita. Mzee aliweka kiganja juu ya tangi, asikiondoe, mpaka mkewe akapiga kelele kwamba moshi umejaa nyumbani. Akacheka. Nikajua nimesamehewa, au karibu.

Nasema karibu, maana niliendelea kwenda kwake mwaka mzima, mpaka nilipohamia Johannesburg, na tangu siku ile kila alichoniuliza alikiuliza mara mbili.

"Umekaza?"

"Nimekaza, mzee."

"Umekaza?"

Nami kila mara niliangalia tena, ndipo nikajibu.