Njema, Ila...

Wallahi, mtu akinijibu "njema" siku hizi natamani kumkaba.

Mtaalamu wa Kizungu alikuja ofisini kwetu Changamwe kuifundisha Kiswahili mashine yake isomayo kadi za kutobolewa matundu. Mimi karani mjuaji nikamwambia, "Bwana, ukimwuliza mtu habari, jibu la kwanza latosha. Mengine porojo."

Mara akaingia jirani yangu, Mzee Kombo, akihema, ndoo mkononi. Mfano umejileta wenyewe!

"Shikamoo, Mzee. Habari za nyumbani?"

"Marahaba. Njema."

"Watoto?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Ila..."

"Basi, yatosha!" Nikaitoboa kadi kwa madaha: nyumbani kwema.

Mzungu akauliza, "Na ndoo ya nini?"

"Ya kuzima moto, bwana," Mzee akajibu kwa upole. "Nyumba ya huyu karani yaungua."