Majina Yenye Ritifaa

Muzdalifa Khatibu alizaliwa Somanda, mjini Bariadi, nyuma ya duka la baba yake la vyombo vya plastiki, na hakuwahi kuishi kwingine isipokuwa miaka mitatu aliyosomea kompyuta Mwanza. Babu yake alitokea Ujiji. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili. Kisukuma alikiokota dukani, kwa wateja. Aliporudi na stashahada yake, mtaani walidhani atafungua kibanda cha kutoa kopi. Yeye akaanza kuandika programu za kompyuta za mezani, zile zinazofunguka kwenye dirisha la Windows na kuendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika siku nzima.

Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa ya zahanati ya Daktari Marcelo, mtu wa Mbinga aliyestaafu serikalini akabaki Bariadi. Daktari alitaka kitu chepesi: muuguzi aandikishe mgonjwa, aandike alichougua na alichopewa, na kuwe na kisanduku chekundu cha tahadhari kwa wale wasiopaswa kupewa dawa fulani. Muzdalifa aliijaribu programu hiyo wiki nzima nyumbani kwa kuwaandikisha watu wa nyumba yao: baba yake Khatibu, mama yake Maua, kaka zake Hanif na Hamimu. Wote waliingia, na alipowatafuta aliwapata. Akaenda kuifunga kwenye kompyuta ya zahanati.

Wiki ya pili Ernestina akampigia simu. Ernestina alikuwa muuguzi kutoka Muleba, mwanamke wa makamo mwenye mwandiko mzuri na subira ndefu, lakini siku hiyo subira ilikuwa imefika ukingoni.

"Mdogo wangu, mashine inanitolea Kiingereza kirefu. Nikibonyeza, inajizima yote. Nina foleni mpaka nje."

"Inatokea kwa kila mgonjwa, dada?"

"Si kila mgonjwa. Wengine inawapokea, wengine inawakataa. Mimi sijui inachagua vipi."

Siku hiyo Hanif alikuwa anaoa. Muzdalifa alikwenda zahanati hina haijakauka vizuri mikononi, na gari la harusi lilikuwa linamsubiri. Aliliona lile kosa kwenye kioo, akalisoma haraka, hakulielewa. Kulikuwa na njia ya mkato ambayo kila mwandishi wa programu anaijua. Unaiambia programu: ukikutana na kosa, lidake, usianguke. Ukishalidaka unatakiwa ulifanyie kitu, uliandike mahali, umwonyeshe mtu. Muzdalifa alilidaka akaliacha hapohapo, mistari mitatu, katikati yake hakuna neno. Kosa likitokea, programu itanyamaza na kuendelea.

"Imetulia sasa," Ernestina alisema baada ya kuwaandikisha wagonjwa wanne.

"Nitarudi Jumatatu niangalie chanzo."

Jumatatu ilikuja na mambo yake, na Ernestina hakupiga simu tena.

Miezi minane ikapita. Katika miezi hiyo kulikuwa na malalamiko madogo ambayo hakuna aliyeyatilia maanani. Mtu wa kijijini alifika akisema aliwahi kutibiwa pale, wakimtafuta kwenye kompyuta hayumo. Waliomhudumia walizoea kusema kwamba watu wa vijijini wanachanganya zahanati. Walimwandikisha upya. Jina lilionekana kwenye orodha ya siku mpaka jioni kompyuta ilipozimwa.

Februari, mchana, waliletwa watu wawili kwenye pikipiki moja kutoka Zagayu: mkulima wa pamba aitwaye Ng'wandu Salu, na nyuma yake mke wake Nyanjige, aliyekuwa amemshika asianguke. Mwanamume alikuwa na homa ya mapafu, haongei. Ernestina hakuwa zamu. Muuguzi aliyekuwepo aliandika jina lake kwenye kompyuta, na kompyuta ikajibu kwamba hakuna mgonjwa wa jina hilo.

"Amewahi kutibiwa hapa?"

"Aliwahi, wakati wa kuvuna pamba," Nyanjige alijibu. "Sikuja naye. Daftari lake limebaki nyumbani."

"Kuna dawa inayomdhuru?"

Nyanjige hakujua. Mume wake hakuwa mtu wa kusimulia maumivu yake. Akachomwa sindano ya penisilini. Hakumaliza saa moja.

Siku tatu baadaye ndugu wa marehemu alilileta daftari. Ukurasa wa pili, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mzuri wa Ernestina, ilikuwa imeandikwa: asichomwe penisilini tena.

Daktari Marcelo aliwaita Ernestina na Muzdalifa ofisini kwake. Utaratibu ulikuwa kwamba tahadhari yoyote lazima iingizwe kwenye kompyuta, na ndiyo maana kompyuta ilinunuliwa.

"Niliandika," Ernestina alisema. "Kwenye daftari lake na kwenye mashine. Nakumbuka mpaka shati alilovaa."

Muzdalifa akaingia kwenye hifadhidata yenyewe, mahali programu inapotunza kumbukumbu, akapitia majina yote ya msimu ule. "Hayumo, daktari."

"Inawezekana iliandikwa, halafu ikafutika?"

"Hapana. Kikishaandikwa kinabaki."

"Basi," daktari alisema. "Mashine haina sababu ya kudanganya."

Ernestina alimtazama Muzdalifa. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama unavyomtazama mtu unayemsubiri akumbuke jambo. Muzdalifa akainamisha kichwa, akafunga kompyuta yake. Mwisho wa mwezi Ernestina alipewa barua ya kuachishwa kazi, akafungasha, akapanda basi kurudi kwao.

Mwezi wa tano Muzdalifa alikuwa Nkoma, kwenye ofisi ya kikundi cha wakulima wa pamba, akiwafungia programu mpya ya kuorodhesha wanachama na mbegu walizogawiwa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Katibu wao, kijana mkimya aitwaye Joakim, alikuwa anaingiza majina kutoka kwenye karatasi huku yeye amesimama nyuma yake. Jina la saba lilikuwa Ng'washi. Joakim alibonyeza kuhifadhi, na katikati ya kioo kikatokea kisanduku cha Kiingereza kirefu.

"Nimekosea wapi?" Joakim aliuliza.

Muzdalifa aliyafahamu yale maneno kabla hajamaliza kuyasoma. Ni yaleyale aliyoyaona siku ya harusi ya Hanif. Safari hii alikuwa amesimama, hana haraka, na macho yake yakatua kwenye ile alama ndogo juu ya mstari, kati ya g na w. Ritifaa.

"Hujakosea wewe," alisema. Akatafuta mahali pa kukaa.

Kosa lenyewe ni la darasa la kwanza. Programu inapotuma jina kwenye hifadhidata hulifungia kati ya alama mbili, moja ya kufungua, moja ya kufunga, ili mashine ijue jina linaanzia wapi na kuishia wapi. Alama hiyo ndiyo hiyohiyo ritifaa. Mashine ikipokea Ng'wandu, inasoma Ng, inadhani jina limekwisha, na herufi zinazofuata inaziona takataka. Inakataa sentensi nzima. Dawa yake ni kulipeleka jina peke yake, kwenye chombo chake, lisichanganywe na amri. Muzdalifa alifundishwa hivyo chuoni. Lakini alipojaribu programu yake alijaribu kwa Khatibu, Maua, Hanif na Hamimu, katika mji ambao nusu ya wateja wa baba yake wana ng' kwenye majina yao.

Alirudi Bariadi mchana uleule, akaenda moja kwa moja zahanati, akaomba kukaa kwenye ile kompyuta. Aliandika: Ng'wandu Salu, Zagayu. Akabonyeza kuhifadhi. Dirisha likajifunga vizuri. Akalifungua tena, akamtafuta. Hakuna mgonjwa wa jina hilo. Akarudia mara nne, kila mara dirisha linajifunga vizuri.

Mlinzi wa getini, mzee Mayige, alikuwa na daftari kubwa ambamo kila anayeingia huandikwa jina, anakotoka na kazi yake. Muzdalifa alimwomba madaftari ya mwaka mzima.

"Unamtafuta nani, mayu?" mzee aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nataka kujua nani hayumo kwenye kompyuta."

Walikaa kwenye benchi la getini siku mbili, Mayige akisoma, yeye akitafuta. Ng'walushu, hayumo. Ng'hindi, hayumo. Hata mmoja aitwaye Limbu hakuwemo, na ikawashangaza, mpaka daftari lilipoonyesha kazi yake: mchunga ng'ombe. Walipomaliza walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili. Walikuwa wamekuja, wamekaa foleni, wametaja majina yao, na hakuna kilichobaki. Mayige aliyasoma majina yale taratibu, kila moja kwa matamshi yake, na baada ya siku zile Muzdalifa aliendelea kuyasikia kwa sauti ya mzee huyo: akiosha vyombo, akiwa kwenye bodaboda, akipiga magoti kuswali. Kuna rakaa alizozirudia kwa sababu hakujua amefika wapi.

Alimweleza Daktari Marcelo kila kitu. Daktari alisikiliza amevua miwani.

"Homa ya mapafu ilikuwa imeshamla yule bwana," alisema mwishowe. "Pengine angekufa hata bila sindano. Irekebishe, yaishe. Marehemu harudi."

"Dada Ernestina yuko hai, daktari."

Muzdalifa akamwekea mezani orodha ya watu mia tatu na kumi na wawili. Daktari aliisoma mpaka ukurasa wa mwisho, kisha akaandika barua ya kumsafisha Ernestina kwa wote waliopata nakala ya ile ya kwanza, na chini ya sahihi yake Muzdalifa akaweka ya kwake.

Ernestina alipokea simu akiwa shambani; upepo ulisikika kwenye migomba. Muzdalifa alieleza bila kujitetea.

"Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sikuandika," Ernestina alisema. "Unajua maana yake? Nilikuwa nimekaa na kumbukumbu yangu mwenyewe kama mtu mwongo niliyemkaribisha ndani."

"Nisamehe, dada."

"Nitajaribu. Leo siwezi."

Hakurudi Bariadi. Barua ilimfaa, akapata kazi karibu na kwao.

Kilichobaki ni Zagayu. Baba yake alimshauri asiende. "Utawaongezea uchungu bure," alisema. Mama yake alimtafutia khanga nzito ya kujifunika. Mzee Mayige ndiye aliyempeleka, kwa sababu alijua njia na alijua maneno. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mweusi ukashika magurudumu ya pikipiki, kilomita ya mwisho wakatembea.

Nyanjige alikuwa anachambua mbegu za choroko uani.

"Ng'wadila mayu," Muzdalifa alimsalimu, na Nyanjige akaitikia, akawapa vigoda.

Mayige alimtambulisha binti. Kisha Muzdalifa akaeleza kwa Kiswahili, na pale neno lilipokuwa gumu mzee akalisema kwa Kisukuma: kwamba mume wake alikwisha kuandikwa, kwamba muuguzi wa kwanza hakukosea, kwamba mashine ilishindwa kulishika jina, na aliyeitengeneza mashine hiyo ni yeye. Nyanjige hakuacha kuchambua.

"Jina lake liliwashinda kuandika?"

"Lilinishinda mimi."

"Ni jina la babu yake," Nyanjige alisema. "Hapa hata mtoto wa darasa la pili analiandika."

Nyanjige aliendelea kuondoa mawe kwenye choroko, akiyatupa pembeni moja moja. Baada ya muda alimwambia Mayige kwa Kisukuma wanywe maji kwanza, wana safari. Walipoinuka alimshika Muzdalifa mkono, akaushikilia zaidi ya muda wa kuagana, akimtazama usoni kana kwamba anataka kumkariri. Kisha akaachia.

Wiki ileile Muzdalifa aliandika upya sehemu yote ya kuhifadhi. Aliiondoa ile mistari mitatu, na mahali pake programu sasa inasema kwa Kiswahili kinachoeleweka: haikuhifadhiwa, usimwachie mgonjwa aondoke. Akawaingiza wote waliopotea, Mayige akisoma, na kila mmoja aliyejulikana alipo akapigiwa simu aje kuulizwa tahadhari zake. Wanne walikuwa nazo.

Siku hizi anafundisha vijana wachache chumba cha nyuma ya duka. Anawaonyesha makosa ya kila siku: dirisha linaloganda kwa sababu kazi nzito imepitishwa njia moja na vibofyo ikavizuia, tarehe ambayo siku na mwezi hubadilishana nafasi ikihamia kompyuta nyingine, faili lililofunguliwa na halikufungwa. Ni mwalimu mpole. Isipokuwa akiona kosa limedakwa likaachwa tupu, anaomba kibodi, anatoka nje kwanza, anasimama barazani akitazama bodaboda zinavyopita kuelekea hospitali, na wanafunzi hawajui anangoja nini. Harieth, mmoja wao, aliwahi kumuuliza kwa nini hawaambii tu kwamba ni vibaya.

"Ngoja kwanza nipumue," alimjibu.

Na zahanati huenda kila Jumatatu, ingawa hakuna kilichoharibika. Hufungua dirisha la kutafutia, akaandika Ng'wandu Salu, Zagayu. Kwenye kisanduku chekundu imeandikwa penisilini. Anasoma, anafunga dirisha, anafungua tena na kumtafuta, kwa sababu mara moja haimtoshi.