Chumba Kimoja, Maduka Manne

Katika ukoo alioolewa Mwalimu, mkubwa haambiwi hapana. Anaambiwa "ni wazo zuri", kisha jambo linaachwa lijifie lenyewe kwa kukosa wa kuliulizia. Marehemu mumewe, mkuu wa shule aliyeheshimika mji mzima, aliushika utaratibu huo kama sala, na Mwalimu, aliyefundisha sayansi kimu, yaani mapishi na ushonaji, sekondari mpaka akastaafu, aliuona kuwa ndiyo alama ya watu waliolelewa wakaleleka. Wanawe aliwafinya mapaja kila walipousahau.

Kwa hiyo alipopata chumba cha biashara, aliwauliza wakubwa. Na hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Chumba kilikuwa chini ya jengo la ghorofa katikati ya mji, baina ya duka la simu na ngazi za kupandia ofisi za mawakili. Kilikuwa chembamba kama ujia, kina mlango wa chuma wa kukunja na dirisha moja la juu lisilofunguka. Mwenye jengo alikuwa mwanafunzi wa marehemu, akamwekea chumba hicho kwa heshima ya mwalimu wake. Sharti lilikuwa moja tu: kabla ya Jumatatu awe ametaja biashara yake na kuanza kuingiza vitu. "Mlango uliofungwa katikati ya mji unaniharibia jengo, mama," alimwambia. Jirani wa duka la simu, kijana aliyeitwa Chaji na kila mtu, alikuwa ameshaugongagonga ukuta wa katikati kwa vidole kujua kama utavunjika kirahisi.

Mwalimu alikitaka kile chumba. Tangu afiwe alikuwa akiamka asubuhi, anafagia nyumba iliyo safi, kisha anakaa kusubiri saa ya kufagia tena.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja kutoa shauri akiwa amevaa koti. "Duka la vitabu, shemeji," alisema. "Marehemu alikuwa mtu wa elimu. Watu wakipita waseme, hawa ndio wale."

Mwalimu alijua kwamba vitabu vingekaa pale mpaka vigeuke rangi. "Ni wazo zuri, shemeji," akajibu.

Wifi yake naye akapiga simu. Vinywaji baridi ndiyo mpango. Jua la mji huu lenyewe ni tangazo la biashara. Mwalimu alijiona amekaa juu ya kreti akifungua chupa kwa vijana wanaomwita bi mkubwa. "Ni wazo zuri, wifi," akasema.

Binti yake, kitinda mimba, alitaka vipodozi. Huyo angeweza kumkatalia, maana alimzaa mwenyewe. Lakini binti aliligusia jambo hilo mbele ya shangazi yake, na shangazi akalipokea vizuri, ikawa kumkatalia mtoto ni kumkatalia mkubwa. "Tutaona," alisema Mwalimu, akauma meno.

Wazo lake mwenyewe hakumwambia mtu.

Alilipata siku anafagia kile chumba. Msichana aliyevaa vizuri aliingia bila hodi, mkono mmoja ameushika mgongoni. "Mama, samahani, una pini? Naitwa kwenye usaili huko juu, na zipu imeachia." Mwalimu hakuwahi kutembea bila sindano na uzi katika mkoba. Alimgeuza ukutani, akamshonea palepale, akamwambia akae wima na asicheke sana. Kesho yake alikuja wakili mmoja aliyekanyaga pindo la suruali akashuka nalo ngazi zote. Msichana alikuwa amemwelekeza. Halafu kifungo cha koti. Halafu mkanda wa begi. Watu walikuwa wanafumukiwa mchana kutwa pale mjini na hapakuwa na mtu wa kuwashika. Mafundi walikuwa mbali, sokoni, na nguo ukiipeleka leo wanakwambia uje wiki ijayo, nawe ukija wanakwambia fundi ametoka.

Alijua tangu siku ile. Kilichomfunga mdomo kilikuwa aibu. Mjane wa mkuu wa shule kupiga magoti barabarani akipindia wanaume suruali? Akilifikiria hilo aliona uso wa shemeji, akanyamaza, akangoja mawazo ya wenzake yajifie kama ilivyo desturi.

Hayakufa. Aliyeambiwa "ni wazo zuri" ameshakubaliwa, hasa akiwa mtu wa kupenda kusaidia.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alifika akakuta pikapu mbele ya mlango, na juu yake rafu za mbao ndefu kuliko chumba. Shemeji alikuwa akiwaelekeza wapagazi. "Nimekufanyia mshangao," alisema, uso umemchangamka. Kabla Mwalimu hajameza mate, mkokoteni ukapiga kona ukiwa na friji la kioo, na wifi nyuma yake anahema na kulialia kwamba wamelikwaruza. Rafu ya kwanza ilikuwa nusu ndani nusu nje teksi iliposimama, binti akateremka na kabati lenye kioo kirefu.

"Hili friji la nini?" aliuliza shemeji.

"La dukani, kaka. Na hizo mbao?"

"Za dukani."

Wakatazamana, kisha wote watatu wakamtazama Mwalimu.

"Shemeji, waambie," alisema shemeji kwa upole wa mtu asiye na wasiwasi.

"Wifi, si tulielewana kwenye simu?"

"Mama?"

Mwalimu aliupitisha mkono kwenye kioo cha kabati kama anayefuta vumbi. "Yote ni mazuri," akasema, na papo hapo akajichukia.

Chaji alikuwa ameegemea mlango wake, mikono kifuani. "Mwalimu, ukiingiza vyote hivyo wewe utauzia wapi? Darini?"

"Kijana, hujaulizwa," alisema wifi.

"Sijaulizwa, shangazi. Nasubiri zamu yangu tu."

Watu walianza kupunguza mwendo. Wapagazi waliweka rafu chini wakaikalia. Wifi akasema kwa sauti ya chini iliyosikika mpaka ng'ambo kwamba kuna watu wakishavaa koti hudhani wameshafikiri. Shemeji akajibu kwamba yeye habishani na muuza soda hadharani. Kila mmoja alikuwa na adabu, na kila mmoja alikuwa ameuziba mlango kwa kitu chake.

Ndipo akateremka msimamizi wa jengo. Aliitazama rafu, akalitazama friji, akajiona kwenye kioo cha kabati.

"Mama, bosi anataka jibu moja. Hapa ni duka la nini? Kama bado mnajadiliana nimpe jirani, tusichoshane."

"La vitabu," alisema shemeji.

"La vinywaji," alisema wifi.

Chaji akajitoa mlangoni, akasogea.

Mwalimu alimwona anavyosogea, akahisi hasira imempanda hadi masikioni. Hakujua amkasirikie nani: shemeji mwenye mbao zake, au yeye mwenyewe na midomo yake ya asali.

"Hapana, shemeji," alisema.

Lilikuwa neno dogo, lakini hata wapagazi waliinua vichwa.

"Si vitabu. Wifi, si soda. Na wewe mwanangu, si poda. Hapa nashona. Zipu, vifungo, pindo, mtu anasubiri anaondoka nayo. Andika hivyo, baba."

Msimamizi alishukuru na kupanda ngazi zake.

Shemeji alifunga kifungo cha koti polepole. "Mjane wa ndugu yangu. Kukaa chini ya miguu ya watu, katikati ya mji, kila anayemjua marehemu akipita."

"Nitakalia kiti, shemeji."

"Na umenijibu hivi mbele ya wapagazi."

Mwalimu alijua hilo ni kweli, na mwaka mmoja nyuma angemfinya mtoto yeyote kwa kosa hilohilo. Rafu zikarudi juu ya pikapu. Shemeji alipanda mbele bila kuaga. Wifi alifuata friji lake akisema kwamba laiti angeambiwa mapema, na hapo alikuwa na haki yote. Binti alibaki amenuna, akaliburuta kabati mpaka ukutani bila kuombwa. "Watahitaji kujitazama," alisema.

Jumatatu alifungua mlango. Usiku kucha aliisikia simu isiyolia, na asubuhi ile alimpigia shemeji mara mbili, haikupokelewa. Alitamani kumweleza, alitamani pia kumwambia kwamba mbao zenyewe zisingepita mlangoni. Kabla hajaamua aanze na lipi, mzee mmoja mwenye mkoba wa ngozi alisimama mbele yake, pindo linaburuta. Alimwinamia akimchunguza, wakati yeye ameshapiga goti na pini mdomoni.

"Samahani, wewe si mke wa marehemu mkuu wa shule?"

Mwalimu alizitoa pini mdomoni.

"Ndiye mimi," akasema. "Simama wima, usitikisike, nisije nikakuchoma."